Istilahi na Uteuzi wa Zana za Mafunzo ya Mtandaoni

Mnamo mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Tangu hapo, kazi ya kuwafunza watumishi wa mahakama imepata uzito mpya. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kipo Lushoto, katika milima ya Usambara, ilhali mahakama za mwanzo zimetapakaa nchi nzima. Si kila karani awezaye kuacha kazi yake, kufika Mombo na kuupanda mlima hadi darasani. Mafunzo ya mtandaoni yangemfaa mtu huyo. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi istilahi zinavyoweza kumwongoza mwalimu asiye fundi wa kompyuta anapoteua zana za kuyaundia mafunzo hayo.

Kwanza hatuna budi kutenganisha kusanifu na kuunda. Msanifu wa nyumba huchora ramani, mwashi hujenga. Vivyo hivyo, mwalimu aanze kwa karatasi: anamfunza nani, mwanafunzi ajue nini mwishoni, na atapimwaje. Akishajibu maswali hayo ndipo atafute zana.

Zana zenyewe ni za aina tatu, nazo maofisini huitwa zote kwa jina moja la tovuti:

(a) Kiunda tovuti. Hii ni programu ya kupanga kurasa kwa kutumia violezo vilivyo tayari, bila kuandika msimbo. Google Sites ni mfano wake. Yafaa kwa matangazo na masomo ya kusoma tu. Haikukusudiwa kutunza alama.

(b) Mfumo wa kusimamia maudhui. Mfano wake ni WordPress, iliyotolewa mwaka 2003. Wafaa penye kurasa nyingi zinazobadilika mara kwa mara. Ukitaka ufundishe na kupima, huna budi kuutia programu za nyongeza.

(c) Mfumo wa kusimamia ujifunzaji. Mfano wake ni Moodle, iliyotolewa mwaka 2002. Huu husajili wanafunzi, hutoa majaribio, hupokea kazi zao na kutunza alama.

Tofauti hizi si za kamusi peke yake. Ofisa anayeandika katika barua ya maombi kwamba “tunahitaji tovuti” aweza kuletewa kurasa za kupendeza zisizoweza kumwambia nani amefanya jaribio na nani hakufanya. Fedha zitakuwa zimekwisha. Afadhali aandike kazi inayotakiwa, kisha jina la aina ya zana.

Kadhalika, huria si sawa na bure. Moodle na WordPress ni programu huria: mtu yeyote ana ruhusa ya kuzinakili na kuzirekebisha. Hata hivyo seva ya kuziwekea ina gharama, na mtu wa kuitunza hulipwa.

Maneno ya vitufe nayo yachunguzwe. Kuhifadhi ni kuweka kazi ili uiendeleze baadaye. Kuwasilisha ni kuikabidhi kwa mwalimu. Karani anazijua tofauti hizo, kwa kuwa hati iliyomo mezani mwake haijawasilishwa mahakamani. Endapo mfasiri atatumia “tuma”, “hifadhi” na “wasilisha” bila mpango, mwanafunzi aliyemaliza kazi yake ataonekana hakuifanya.

Mwisho ni neno kupakua. Katika nchi ya milima, mgongo wa mlima huzuia mawimbi ya simu, na bonde moja laweza kukosa kile ambacho bonde la pili linacho. Programu ya Moodle ya simu humwezesha mwanafunzi kupakua somo penye mawimbi na kulisoma baadaye nje ya mtandao. Kwa hiyo zana ijaribiwe kwa simu ya kawaida, huko Mtae au Mlalo, kabla ya kusifiwa ofisini.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Walimkemea mvivu anayetafuta visingizio. Anayeanza naye asizunguke miezi mingi akilinganisha zana. Lakini ajue jembe ni lipi na shoka ni lipi. Tunapendekeza achague moja, aunde somo moja fupi, alijaribu kwa wanafunzi wachache, ndipo aongeze. Wafasiri nao watuletee maneno wanayoyakuta vitufeni, ili yajadiliwe kabla hayajaota mizizi.