Neno la Siri Hukaguliwa Wapi?

Parokia nyingi sasa hutunza katika kompyuta habari ambazo zamani zilikaa katika madaftari yaliyofungiwa kabatini: ubatizo, kipaimara, ndoa, zaka. Ni haki basi kuuliza: karani aandikapo neno lake la siri, ni nani hasa anayelikagua?

Katika njia ya kwanza, mkaguzi ni kompyuta au programu ile ile. Ndani yake mna orodha ya watumiaji, na katika programu iliyotengenezwa vema, neno la siri halihifadhiwi kama lilivyo, bali huhifadhiwa alama iliyokokotolewa kutoka kwalo. Njia hii hufanya kazi hata intaneti ikikatika.

Katika njia ya pili, programu haikagui yenyewe. Hupokea neno la siri, hulipeleka kwa seva kuu inayotunza utambulisho wa watumishi wote, kisha husubiri jibu: ndiye, au siye. Kanisa lina desturi inayofanana na hiyo. Mchumba aliyebatizwa kwingine anapotaka kufunga ndoa, paroko huomba cheti kilichotolewa karibuni na parokia ya ubatizo, kwa kuwa daftari liko huko, na Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa huagiza kipaimara na ndoa viandikwe humo pia. Cheti cha miaka ishirini iliyopita hakiwezi kusema lolote juu ya ndoa iliyofungwa mwaka jana.

Tofauti huonekana zaidi mtumishi anapoondoka. Kwa njia ya kwanza, akaunti yake yapaswa kufutwa katika kila kompyuta na kila programu. Ikisahauliwa moja, mlango u wazi. Kwa njia ya pili hufungwa mara moja, pale kwenye seva kuu, naye hataweza kuingia tena popote.

Lakini seva hiyo ikizimika, parokia zote husimama mlangoni. Tena, programu ya kati hulishika neno la siri kabla ya kulipitisha; isipokuwa ya kuaminika, laweza kuibwa hapo hapo, na neno hilo moja hufungua mengi.

Kwa parokia yenye kompyuta moja na karani mmoja, naona njia ya kwanza yatosha. Kwa Jimbo zima nachagua ya pili, mradi kila parokia ibakiwe na akaunti moja ya dharura katika kompyuta yenyewe, na neno lake la siri lifungiwe katika sefu ya paroko.