Namba 42: jezi, upinde wa mvua, marathoni, na hela ya mshkaji wangu

Leo naweka siasa pembeni, na muziki pia. Leo ni namba. Najua wengine mkisikia neno hilo mnakumbuka fimbo za mwalimu wa hisabati. Hata mimi, kile cheti changu cha kidato cha nne ukifika kwenye mstari wa hisabati ni bora ukunje karatasi. Ila vumilieni kidogo, maana hii habari imetugusa mfukoni.

Ilianza hivi. Kuna mshkaji wangu tunashinda naye hapa kafe. Wiki moja akaanza kuiona namba 42 kila mahali. Daladala aliyopanda asubuhi ilikuwa na 42 kwenye kibao cha namba. Zahanati akapewa kikadi cha foleni, 42. Akaja kafe akaiandika mtandaoni, zikamwagika kurasa kibao: huku wanasema 42 ni jibu la maisha, huku wanasema ni namba ya shujaa. Akanigeukia macho yamemtoka: "Kaka, hii si bure. Hii namba inaniita."

Na mimi badala ya kumshika mkono nikamwambia, "Basi ijaribu."

Akaijaribu. Akacheza mchezo wa namba kwa shilingi 40,000, hela aliyopewa na mama yake akalipe michango ya shule ya mdogo wake. Namba 42 haikutoka. Jioni ile hatukuongea sana.

Kesho yake nikalipia saa nzima kafe, nikataka kujua hii 42 inatokea wapi na kwa nini iko kila mahali. Nilichokikuta ni kitamu kuliko nilivyotegemea, na kama ningekijua siku moja kabla, ile elfu arobaini ingekuwa imeshafika shuleni.

Jezi ambayo hakuna anayepewa tena

Tuanze Marekani. Tarehe 15 Aprili 1947 jamaa mmoja mweusi anaitwa Jackie Robinson aliingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers kucheza besiboli. Mgongoni: 42. Kabla yake ligi kuu ya mchezo huo ilikuwa imewafungia milango watu weusi kwa miongo mingi, wakawa wanacheza kwenye ligi zao pembeni. Robinson alitukanwa, akarushiwa mipira ya kumuumiza, akatishiwa maisha, na akaendelea kucheza.

Mwaka 1997, miaka 50 baada ya siku ile, ligi nzima ikaamua hakuna timu itakayompa mchezaji mpya jezi namba 42. Sio timu yake peke yake, timu zote. Waliokuwa wanaivaa tayari wakaruhusiwa kumaliza nayo, na wa mwisho alikuwa Mariano Rivera wa New York Yankees, aliyestaafu mwaka 2013. Siku hizi kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote wa ligi huvaa 42 kwa siku moja kumkumbuka Robinson. Mwaka 2013 ikatoka na sinema, inaitwa 42 tu, Chadwick Boseman ndiye aliyecheza kama Robinson.

Sasa jiulize, je, 42 ndiyo iliyompa Robinson ujasiri? Angepewa 31, leo ingekuwa 31 ndiyo imefungiwa kabatini. Namba ilibebwa na mtu. Mtu hakubebwa na namba.

Kilomita 42 na ushee

Hii inatuhusu zaidi. Marathoni ni kilomita 42.195. Kwa nini isiwe 40 kamili? Ni kwa sababu ya Waingereza. Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens mwaka 1896, mbio hizo zilikuwa za kilomita 40 hivi. Ilipofika London mwaka 1908, zikaanzia kasri la Windsor na kuishia uwanjani mbele ya jukwaa la familia ya kifalme. Ukipima unapata maili 26 na yadi 385. Baadaye, mwaka 1921, urefu huo wa London ukapitishwa kuwa ndio rasmi. Yaani wakimbiaji wa dunia nzima wanatoka jasho kwa kipimo kilichotokana na wapi wakubwa walikaa.

Lakini angalia Watanzania walivyoifanya namba hiyo. Mexico City, mwaka 1968, John Stephen Akhwari alianguka njiani, goti likateguka. Alifungwa bandeji akaendelea, mara anatembea mara anachechemea. Akaingia uwanjani giza limeshaingia, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Halafu ruka mpaka tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, mashindano ya dunia ya riadha. Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros wanaingia mstarini pamoja, wote wanaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ikabidi picha iangaliwe. Simbu kashinda kwa sekunde 0.03! Kilomita 42.195, halafu tofauti ni chini ya kupepesa jicho. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Hapo hakuna aliyeota namba. Hapo ni miaka ya mazoezi.

Upinde wa mvua nao una 42

Hii ndiyo iliyonifanya nisahau muda wangu unaisha. Upinde wa mvua hukaa kwenye nyuzi 42. Mfaransa René Descartes alilipigia hesabu jambo hili na kulichapisha mwaka 1637.

Iko hivi. Mwanga wa jua ukiingia kwenye tone la mvua unapinda kidogo, unagonga ukuta wa nyuma wa tone, unarudi, unapinda tena ukitoka. Miale hutoka kwa pembe mbalimbali, ila mingi inarundikana karibu na nyuzi 42, na hapo ndipo jicho linaona mng'ao. Nyekundu iko kwenye 42 hivi, zambarau karibu na 40, ndiyo maana nyekundu iko juu na zambarau chini.

Jaribu mwenyewe. Ukiona upinde, lipe jua mgongo. Angalia kivuli cha kichwa chako. Kutoka kwenye kivuli hicho panda nyuzi 42 kwa macho, utakutana na ule mstari mwekundu. Na hapa ndipo unapojua kwa nini hatuoni upinde saa sita mchana. Jua likipanda juu ya nyuzi 42 angani, upinde wote unakuwa umezama chini ya upeo wa macho. Subiri asubuhi au alasiri.

Hii 42 hakuichagua mtu. Imetokana na namna maji yanavyopinda mwanga. Na bado haikutabirii kitu zaidi ya mahali pa kuangalia.

Kitabu, kompyuta, na ile nyota ya salio

Miaka ya 1450 huko Mainz, Ujerumani, Johannes Gutenberg alichapisha Biblia kwa herufi za chuma za kupangwa. Wataalamu wanaiita Biblia ya mistari 42, kwa sababu kurasa nyingi zina mistari 42 kila safu. Lakini kurasa za mwanzo kabisa zina mistari 40! Walibana herufi katikati ya kazi. Hata fundi mkubwa vile alikuwa anarekebisha kazi akiendelea nayo.

Na ile alama ya nyota, ile unayoanza nayo ukitaka kuangalia salio kwenye simu? Kwenye jedwali la herufi la kompyuta linaloitwa ASCII, kila alama ina namba yake. Nyota ni namba 42.

Kuhusu "jibu la maisha" lililomchanganya mshkaji, ni utani. Mwandishi Mwingereza Douglas Adams alianza na mchezo wa redio BBC mwaka 1978, kitabu kikafuata mwaka 1979. Humo watu wanajenga kompyuta kubwa kupita zote, wanaiuliza jibu la maisha na ulimwengu na kila kitu. Inapiga hesabu miaka milioni saba na nusu. Halafu inajibu: 42. Wanabaki wameduwaa, maana hawakuwahi kulijua swali lenyewe. Adams mwenyewe alisema aliichagua kama kichekesho, namba ndogo ya kawaida tu.

Nilipofika hapo nilicheka, kisha nikanyamaza. Ndiyo sisi wale. Tulikuwa na jibu, hatukuwa na swali.

Wanahisabati nao ikawasumbua

Kuna fumbo: chukua namba nzima tatu, kila moja ijizidishe mara tatu, kisha zijumlishe upate namba unayotaka. Kwa mfano 29 ni rahisi: 3 x 3 x 3 ni 27, ongeza 1, ongeza 1. Unaruhusiwa kutumia namba hasi pia. Kuna namba zisizowezekana kabisa, zile ambazo ukizigawa kwa 9 zinabaki 4 au 5. Zilizobaki chini ya 100 zilitafutwa tangu mwaka 1954, moja baada ya nyingine zikapatikana. Mpaka mwaka 2019 ikawa imebaki moja tu. Unaijua.

Septemba 2019 Andrew Booker wa Chuo Kikuu cha Bristol na Andrew Sutherland wa MIT wakaipata. Ni hizi: hasi 80538738812075974, kisha 80435758145817515, kisha 12602123297335631. Zilitafutwa kwa zaidi ya saa milioni moja za kompyuta, na kompyuta zenyewe zilikuwa za watu wa kawaida majumbani, waliokubali zitumike wakati wao hawazitumii. Hebu fikiria mashine kama hii unayosomea, wewe umeenda kula, yenyewe inasaka 42.

Sasa ile "inaniita"

Turudi kwa mshkaji. Kwa nini aliiona kila mahali? Nilikaa na kalamu, mimi yule yule wa cheti cha kukunja. Gari zetu zina tarakimu tatu kwenye kibao. Kati ya 100 na 999 kuna namba 900. Zinazoanza na 42, yaani 420 mpaka 429, ni 10. Zinazoishia na 42, kama 142, 242 mpaka 942, ni 9. Jumla 19. Hiyo ni karibu gari moja kati ya kila 47. Simama barabara kubwa mpaka zipite gari 200, utaiona 42 kama mara nne hivi. Na 58 vilevile. Na 73 vilevile. Tofauti ni kwamba 58 hukuitegeshea macho, ikapita kama upepo.

Na mchezo wenyewe? Chukua ule wa kuchagua namba 6 kati ya 49. Mipangilio iko 13,983,816, na wewe tiketi yako ni mmoja. Ukicheza mara moja kila siku, kuzimaliza zote kungechukua zaidi ya miaka 38,000. Kile kimpira cha 42 hakijui kama umekiota. Hakikumbuki kama kilitoka wiki iliyopita. Nafasi yake ni sawa na ya wenzake. Mwenye mchezo tu ndiye hategemei bahati, kwa sababu anakata chake kwanza, ndipo zawadi zinatoka kwenye kinachobaki.

Mshkaji alimwambia mama yake ukweli siku ya tatu. Mama hakupiga kelele, aliuliza tu, "Na mwenzako uliyekuwa naye alisemaje?" Hapo nikajua na mimi nina deni. Sasa hivi tunachapa barua za maombi ya kazi za watu hapa kafe, tunagawana, sehemu yangu inaingia kwenye ile hela. Mpaka jana ilikuwa imebaki shilingi 12,000. Hii ndiyo namba ninayoiota mimi siku hizi, na hii najua swali lake.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe ni namba gani inayokufuata? Kabla hujaweka hata mia, kaa barabarani, chagua namba nyingine yoyote, uhesabu gari 200. Kisha njoo uandike hapa chini umepata ngapi. Na anayejua besiboli anieleweshe sheria zake, maana nimesoma mpaka muda ukaisha, sijaambulia kitu.