Mchuzi Mzito wa Njugu wa Kuchovyea Gurusa

Hapa kwetu Makina sherehe bila gurusa si sherehe. Kwa ambaye hajafika Kibra, gurusa ni mkate mwororo wa ngano, mithili ya chapati ya maji, wa Wanubi, ambao mababu zao walikuwa askari kutoka Sudan waliowekwa hapa na Waingereza mapema karne ya 20. Nyama ikiwa ghali, na ni ghali kweli kweli, twaichovya gurusa katika mchuzi mzito wa njugu ungali moto. Nusu kilo ya njugu hutosha watu kumi.

Kazi kubwa iko kwenye kuchagua, wala si kupika. Zimwage njugu kwenye ungo, uzikague. Iliyokunjamana, yenye ukungu au iliyogeuka rangi, tupa. Hata kuku usimpe! Ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka wa 2004 sumu iyo hiyo, ikiwa kwenye mahindi, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Ukambani. Kwa hivyo anayekwambia "zichemshe tu, zitakuwa sawa" usimsikize. Ndiyo maana mimi sinunui zilizosagwa tayari.

Zikaange kavu kwa makaa yasiyo makali, ukikoroga, mpaka maganda yapasuke. Zikipoa, zisugue, upepete, kisha utwange na chumvi kidogo hadi zitoe mafuta. (Kinu ukiazima kwa jirani, kirudishe pamoja na kibakuli cha mchuzi.)

Sasa kaanga kitunguu na nyanya mbili. Rojo la njugu lisiingie hivyo hivyo, litafanya mabonge. Lilainishe kwanza kwa maji moto, ndipo umimine. Wacha stori za mlangoni, ukoroge, maana njugu hushika chini upesi. Baada ya dakika 20 hivi mafuta yataelea juu: umeiva.

Marekani huyeyusha jibini, wakanyunyizia njugu juu. Jibini mimi naiona kwa kioo cha duka tu! Kikombe cha maziwa mwishoni chanitosha.

Mchuzi ukipoa huganda, basi uache juu ya majivu moto, ukiongeza maji moto kijiko kimoja kimoja. Na kabla ya kupakua, tangaza kwa sauti kwamba una njugu. Wako watu ambao tone moja tu huwavimbisha midomo na kuwaziba pumzi. Hao wawekee gurusa zao kando, na chai.