Fahamu: Chembe nano zinazobeba antibiotiki

Ni vifuko vidogo mno, aghalabu vya nanomita 100 hadi 200, vinavyopakiwa antibiotiki. Vingi hutengenezwa kwa polima iitwayo PLGA, ambayo mwilini huvunjika taratibu na mwishowe hutoka kama maji na kabonidioksidi.

Vinafanyaje kazi?

Bakteria wa kifua kikuu hujificha ndani ya seli za kinga, mahali ambapo dawa nyingi hufika kwa shida. Seli hizo hizo humeza chembe nano, nazo huachia dawa humo humo, kidogo kidogo. Kinachotarajiwa ni dozi chache na madhara machache.

Kwa nini zinazungumzwa?

Usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Ukiwa Kipawa au Temeke jijini Dar es Salaam, si ajabu kumwona mtu akinunua vidonge vichache vya antibiotiki bila cheti cha daktari, kisha akaviacha akipata nafuu, jambo linalochochea usugu. Mwaka 2019, usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo takriban milioni 1.27 duniani. Chembe nano hazitibu tabia hiyo ya kununua dawa kiholela na kuziacha njiani.

Zipo dukani?

Za PLGA kwa kifua kikuu bado ziko kwenye utafiti. Ndugu yao, antibiotiki ya amikasini ndani ya vifuko vya mafuta, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa maambukizi sugu ya mapafu.