Chuma Kitelezacho: Gitaa la Hawaii, Muziki wa Dansi na Kiswahili cha Goma

Utangulizi

Kiswahili cha mashariki ya Kongo kimezoeleka kuchunguzwa kwa upande wa sarufi yake: viambishi vya ngeli, matumizi ya "iko" mahali pa "ni", au udogoshaji wa ka- na tu- katika maneno kama "katoto" na "tutoto". Nyimbo za dansi, ambazo ndizo zilizokifikisha Kiswahili hicho mbali kuliko maandishi yoyote, hazijapewa nafasi inayolingana na uzito wake. Goma, mji uliopo kaskazini ya ziwa Kivu, chini ya mlima Nyiragongo na mkabala na Gisenyi ya Rwanda, ni mahali panapofaa kulitazama jambo hili. Hapo zilikutana njia mbili za gitaa, na kila njia ilikuja na lugha yake. Makala haya yanaeleza njia hizo kwa kufuata habari za chombo kimoja kisichotajwa sana, yaani gitaa la Hawaii.

Asili ya chombo na namna ya kukipiga

Gitaa liliingia visiwa vya Hawaii katika karne ya 19 pamoja na wachunga ng'ombe na mabaharia wa kigeni. Mtindo wa kulipiga kwa chuma huhusishwa na Joseph Kekuku, kijana wa kisiwa cha Oahu, katika miaka ya 1880. Mpigaji hulilaza gitaa magotini, nyuzi zikiwa zimeinuliwa juu ya shingo ili zisiguse mbao. Mkono wa kuume huzidonoa nyuzi, na mkono wa kushoto hutelezesha juu yake kipande laini cha chuma. Nyuzi zote hulinganishwa mapema ili zikipigwa wazi zitoe mwafaka mmoja kamili. Kwa kuwa kidole hakikandamizi uzi, sauti hairuki kutoka daraja moja hadi jingine; hupanda na kushuka bila mkato, mithili ya mtu aombolezaye.

Maonyesho ya kimataifa ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliufanya mtindo huo uvume Marekani nzima, na santuri zikausambaza duniani. Ila chombo kilikuwa na upungufu: sauti yake ilimezwa na ngoma na tarumbeta. Haja ya kuikuza ndiyo iliyozaa gitaa la umeme. Gitaa la kwanza la umeme lililopata soko la kweli, lile la Rickenbacker la mwanzoni mwa miaka ya 1930, lilikuwa gitaa la Hawaii la kulazwa magotini. Kwa hiyo kila gitaa la umeme lililopigwa baadaye katika kumbi za Afrika lina nasaba na chuma hicho, hata kama mpigaji wake hakupata kukishika.

Njia ya magharibi: Kinshasa na Kilingala

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wafanyabiashara wa Kigiriki na wengineo walifungua studio mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa: Ngoma mwaka 1948, kisha Opika na Loningisa karibu mwaka 1950. Katika studio ya Opika alijitokeza Zacharie Elenga, aliyejulikana kwa jina la Jhimmy, ambaye mtindo wake wa kulinganisha nyuzi na kuzipiga ulimpatia sifa ya "Mhawaii". Mwaka 1953 mpigaji wa jazi kutoka Ubelgiji, Bill Alexandre, aliingia katika studio ya CEFA na magitaa ya umeme, na vijana wa mji wakaanza kuzoea chombo kipya.

Aliyeunganisha mambo hayo mawili kwa ustadi mkubwa ni Nicolas Kasanda, yaani Docteur Nico (1939–1985). Alianza kung'ara katika African Jazz ya Joseph Kabasele, akiwa pamoja na kaka yake Dechaud. Katika miaka ya 1960, akiwa na African Fiesta, baadhi ya nyimbo zake zilisikika na gitaa la mtindo wa Hawaii, sauti ikiteleza juu ya mdundo wa rumba. Hata hivyo chuma chenyewe hakikudumu katika orkesta za Kongo, na sababu zake si ngumu kuziona. Nyuzi zilizofungwa katika mwafaka mmoja hazimpi mpigaji wepesi wa kubadili miafaka. Na sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo waimbaji hunyamaza na magitaa kutawala, inataka noti fupi, za haraka na zilizokatika vizuri. Kilichobaki ni tabia ya chuma iliyohamia vidoleni: kutelezesha noti mbili kwa pamoja, kuacha uzi ulie mpaka sauti ijifie, na kuimba kwa gitaa badala ya kulipiga tu.

Njia hii ilifika Goma ikiwa imevaa Kilingala, lugha ya muziki wa mji mkuu na, hasa wakati wa utawala wa Mobutu, lugha ya jeshi.

Njia ya kusini: Katanga na Kiswahili

Njia ya pili ilikuwa ya gitaa kavu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Mwenda, pamoja na Edouard Masengo na Losta Abelo, waliimba nyimbo nyingi kwa Kiswahili cha miji ya migodi ya Katanga, gitaa moja likifanya kazi ya magitaa mawili: kidole gumba kikishika besi, kingine kikijibu juu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 sauti hizo zilikuwa zimefika Nairobi, na wapigaji wa Kenya wakajifunza kutoka kwazo. Hapa Kiswahili hakikuhitaji mkalimani.

Goma ilikuwa baina ya njia hizo. Kinshasa iko mbali zaidi ya kilomita 1,500, bila barabara ya kutegemewa. Kampala, Kigali na Nairobi ziko karibu zaidi. Msikilizaji wa Goma alikuwa na Kilingala cha orkesta kwa upande mmoja na Kiswahili cha sokoni na nyumbani kwa upande mwingine.

Lugha na mtelezo wa sauti

Tofauti ya lugha hizi mbili si ya msamiati pekee. Kilingala ni lugha ya toni: kupanda au kushuka kwa sauti huweza kubadili maana ya neno, na kwa hiyo mtunzi hana budi kuitazama toni anapojenga lahani. Kiswahili hakina toni za namna hiyo. Mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mwimbaji wa Kiswahili ana uhuru wa kuirefusha silabi hiyo na kuitelezesha apendavyo bila kuiharibu maana. Mtelezo uliozaliwa na chuma cha Hawaii unapata hapo nafasi pana.

Maneno ya kazi yanaonyesha njia zilizopitwa. Dar es Salaam hutaja solo, rizimu na besi. Kongo, rizimu huitwa akompa, kutokana na Kifaransa. Sebene na mi-solo yalitoka Kongo yakavuka mipaka yote. Watu nao walivuka. Remmy Ongala, aliyezaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu, ambao wakati huo ulikuwa ndani ya jimbo la Kivu, alihamia Dar es Salaam mwaka 1978. Akiwa na Super Matimila alitumia magitaa ya Kikongo kuwasemea walalahoi kwa Kiswahili. Kwake njia mbili ziligeuka kuwa moja.

Hitimisho

Historia hii haikai katika vitabu; inakaa katika santuri, kanda na vidole vya wazee. Goma ni mahali pagumu kuhifadhi vitu hivyo. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji. Mwaka 2021 mlima ulilipuka tena. Na Januari 2025 mji uliangukia mikononi mwa kundi la M23, baada ya miaka mingi ya vita na wakimbizi. Mtu anayekimbia hubeba mtoto na godoro, habebi santuri. Tamasha la Amani, lililoanza mwaka 2014, lilionyesha kwamba hamu ya muziki haikufa mjini humo. Lakini jukwaa halitunzi kumbukumbu. Kazi ya kuwauliza wapigaji wazee walijifunzaje, kwa majina gani waliziita nyuzi zao, na lini walichagua kuimba kwa Kiswahili badala ya Kilingala, ni kazi ya wanafunzi wa lugha sawa na ya wanamuziki. Lahaja isiyoandikwa huhifadhiwa kwanza na wanaoiimba, na wanaoiimba hawatangoji.