MOTO NA VITU TULIVYO NAVYO NYUMBANI

Katika kipindi hiki cha kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka na upepo ukivuma kwa nguvu, cheche moja yatosha kuteketeza makazi. Hata hivyo, moto hauvidhuru vitu vyote kwa namna moja, na kuijua tofauti hiyo huokoa maisha.

Udongo hauungui, ndiyo maana tanuri huliimarisha tofali. Nyumba ya tembe, yenye kuta na paa la udongo, haishiki moto upesi kama ya nyasi. Lakini paa hilo hubebwa na nguzo na boriti za miti. Zikiungua, udongo mzito huporomoka. Chuma nacho hupoteza takriban nusu ya nguvu zake kikifikia nyuzi joto 550 hivi. Kwa hiyo, mwananchi asiingie katika nyumba iliyoungua kwa kuona tu kwamba kuta bado zimesimama.

Magodoro ya sponji na plastiki hutoa moshi wenye sumu, unaoweza kuua kabla ndimi za moto hazijamfikia mtu. Moshi hupanda juu. Tambaa chini kuelekea nje, na ufunge mlango nyuma yako.

Mafuta ya kupikia yakiwaka, usimwage maji. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha mafuta yanayowaka. Funika sufuria kwa mfuniko, zima jiko, wala usiisogeze mpaka ipoe.

Petroli ni hatari zaidi, kwani mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa ardhini hadi ukutane na moto ulio mbali. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, na kulipuka wakati wananchi wakichota petroli. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Malori ya aina hiyo hupita pia katika barabara kuu za mkoa wetu. Likipinduka, kaa mbali na uwazuie wengine kulisogelea.

Moto ukizuka, toeni watu kwanza, kisha pigeni namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, mkitaja kata, kijiji na kitongoji. Mali hutafutwa tena, uhai hautafutwi.