Kahawa Nyeusi Ti Si Kahawa Kali



Wengi wenu, hasa ninyi wa matawi ya viwanda vya kukoboa, mmeniuliza kwa nini kahawa mnayopika nyumbani huwa chungu kama kwinini, hali buni mliyonunua ni safi. Niliahidi mara mbili kuandika juu ya jambo hili nikashindwa kwa ajili ya safari za matawi. Leo naandika. Mimi si mtaalamu. Nilisoma shule ya msingi tu, na kahawa niliijua kwanza kwa mgongo, nikibeba magunia ya kilo 60 katika kiwanda kimoja hapa Uganda.

Mwaka 2014, katika kiwanda hicho, mama mmoja wa chumba cha kuchagua alishikwa langoni na askari. Katika fundo la kitambaa chake cha kichwa walikuta buni, viganja viwili. Meneja alitaka kumfukuza siku ileile. Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi, nikaitwa ofisini kumtetea, na kusema kweli sikuwa na hoja. Mama mwenyewe ndiye aliyejitetea. Alisema: "Bwana meneja, miaka tisa naondoa mbaya na kuacha nzuri. Hiyo nzuri sijaionja hata siku moja. Nilitaka kujua ninachochagua kina ladha gani." Hakuna aliyecheka. Alipewa onyo la maandishi, akarudi kazini.

Wakati huo kahawa pekee tuliyoruhusiwa kununua ilikuwa mafagio, yaani ile iliyofagiliwa sakafuni pamoja na punje nyeusi zilizokataliwa. Tulipokaa tena na mwajiri kuzungumza juu ya mishahara na vitambaa vya kuzuia vumbi puani, tuliongeza na hili. Alikubali kila mfanyakazi anunue kilo mbili za buni safi kwa mwezi, kwa bei ya mizani ya kiwanda. Wenzetu wengine walisema tumepoteza muda kwa jambo dogo.

Basi tukaipata kahawa nzuri, na tukaiunguza. Yangu niliikaanga juu ya jiko la makaa mpaka ikawa nyeusi na kung'aa kama lami, kwa maana niliamini kwamba weusi ndio nguvu. Nikamwalika yule mama na mumewe. Alionja, akaweka kikombe chini, akasema kwa upole: "Ndugu, hii ni ile ile ya mafagio."

Alikuwa sawa. Kahawa ikiunguzwa mpaka nyeusi ti, ladha inayobaki ni ya kuungua, na nzuri na mbaya hufanana. Ndiyo maana mwenye buni mbovu huipenda rangi hiyo: inamfichia makosa. Unaponunua kahawa iliyokwisha kukaangwa na kusagwa, nyeusi kama makaa, huna njia ya kujua ilikuwa buni gani, wala kama haikuchanganywa na mahindi yaliyounguzwa.

Nguvu ya kahawa, ile inayofukuza usingizi, huitwa kafeini, na haiongezwi na moto. Inatokana na aina ya mti na kiasi unachotia katika maji. Hapa kwetu tuna aina mbili. Robusta, ambayo ndiyo nyingi, ni ya Buganda, Busoga na nchi nyingine za tambarare, na hata porini katika misitu yetu inajiotea. Arabika ni ya milimani: Elgon, Rwenzori, na upande wa West Nile. Robusta ina kafeini kama mara mbili ya arabika. Kwa hiyo kikombe cha robusta cha rangi ya kahawia kina nguvu kuliko arabika iliyounguzwa kuwa mkaa.

Kabla ya kukaanga, chagua. Ninyi mama wa chumba cha kuchagua hamhitaji kufundishwa, lakini waume zenu wanahitaji. Ondoa punje nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, mawe na vijiti. Yenye ukungu au harufu ya uvundo tupa kabisa. Ukungu wa kahawa waweza kuwa na sumu, na moto wa kukaanga hauimalizi yote. Hii ndiyo sababu tulipinga mafagio, wala haikuwa kwa kuringa.

Tumia kikaango kizito au chungu cha udongo, moto wa wastani, na buni kidogo, isizidi tabaka mbili. Koroga bila kuacha, maana ukigeuka kuzungumza na jirani upande mmoja umekwisha ungua. Buni itatoka rangi ya kijani, iwe manjano, itoe harufu kama ya mkate, kisha iwe kahawia. Baada ya dakika 8 au 10 hivi utasikia ikipasuka kama mahindi katika kikaango. Huo ni mlio wa kwanza. Utatulia kidogo, halafu ukiendelea utakuja mlio wa pili, mwembamba na wa haraka, kama vijiti vikavu vinavyoshika moto. Baada ya hapo mafuta hutoka juu ya punje, na muda si mrefu unakuwa na lami yangu.

Arabika ya Elgon iondoe mlio wa kwanza unapokwisha, ingali kavu bila mafuta. Hapo utaonja uchachu mzuri kidogo, kama wa tunda. Robusta ivumilie zaidi, mpaka usikie punje mbili tatu za mlio wa pili, kwa sababu ukali wake mbichi unahitaji moto kuulainisha. Asiyependa uchachu na afanye hivyo kwa arabika pia. Ulimi ni wake. Mara moja mwaga juu ya ungo, pepeta mapepe yaruke na kahawa ipoe. Ukiiacha kikaangoni itaendelea kujipika kwa joto lake. Usishangae mizani: kilo moja ya buni hurudi gramu 800 mpaka 850, kwa kuwa maji yametoka.

Iache siku moja ipumue kabla ya kunywa. Kaanga ya wiki mbili tu. Buni mbichi, ikiwa kavu, hukaa miezi mingi. Iliyokaangwa huchoka baada ya majuma machache, na iliyosagwa baada ya siku chache.

Sasa kusaga. Kosa letu la pili lilikuwa kupeleka yote kwenye kinu cha posho. Mwenye kinu alitukasirikia, kwa sababu unga wa watu ulinuka kahawa siku nzima, nayo kahawa yetu ilitoka laini kama vumbi. Ukichemsha vumbi hilo katika sufuria, uchungu wote hutoka na mashapo hayatulii. Kwa sufuria au birika twanga chenga, kama mchele uliovunjikavunjika. Kwa chujio la kitambaa saga kama sukari. Ikiwa laini zaidi maji hayapiti, ikiwa nene zaidi maji hupita upesi na kuacha ladha nyuma. Ile laini kama unga ni ya birika dogo, kwa wanaokunywa vikombe vidogo na mashapo yake. Mwenye kinu na mchi tu atwange kidogo kidogo, kisha apitishe kwenye chekeche kutenga vumbi na chenga.

Kipimo ni gramu 60 kwa lita moja ya maji, yaani vijiko viwili vya mezani kwa kikombe. Maji yachemke, yaepue, subiri nusu dakika, ndipo utie kahawa. Funika dakika 4, nyunyiza maji baridi kidogo ili mashapo yazame, mimina.

Ninyi wa zamu ya usiku, nusu ya kafeini hukaa mwilini saa 5 hivi. Anayetoka kazini saa 12 asubuhi na anywe kikombe cha mwisho kabla ya saa 7 usiku, ama atalala macho. Mama mjamzito apunguze sana. Na mwajiri anayewapa kahawa ya bure badala ya chakula cha zamu, mwambieni kahawa haijazi tumbo, kisha mwandikieni chama.

Yule mama nilimwalika tena baada ya mwezi. Safari hii alimaliza kikombe, akaomba cha pili, na akaniambia nilikuwa nimeacha punje moja mbovu. Tawi lake sasa limeomba kinu cha mkono katika chumba cha mapumziko. Mwajiri amejibu kwamba atafikiri, na jambo hilo limeandikwa katika ajenda ya mazungumzo yajayo, chini ya mishahara.